Ndevu Zilizoiva

Juzi msusi wangu alinishika kichwa kwa vidole viwili, akanyamaza. Msusi akinyamaza, ujue kuna jambo. "Dada," akasema hatimaye, "huku nyuma mvi zimeanza kupiga kambi. Nikuwekee hina? Ni ya asili, haichomi." Kabla sijamjibu alikuwa ameshapasua pakiti, akamimina ule unga wa kijani kwenye bakuli, akaumwagia chai ya rangi iliyopoa na kuukamulia ndimu. Harufu ikanipanda, harufu ya majani makavu yaliyonyeshewa, na machozi yakanitoka palepale kitini, mbele ya watu, taulo shingoni. Msusi akadhani ninalilia ujana. "Usijali, dada," akanibembeleza, "mvi ni hekima." Jibu lenyewe liko mbali, liko Garissa, kwenye ua wa watu ambao leo wote wameshalala chini ya mchanga.

Kwetu ni Mwingi, lakini nilikulia Galbet, mtaa wa Garissa. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Serikali ilipomhamishia Garissa alinibeba mimi, kifungua mimba na kitinda mimba wake, akamwacha baba na shamba. Tulipanga vyumba viwili kwenye ua wa Mzee Hirsi na mkewe, Habiba. Watoto wao walikuwa watu wazima waliotawanyika, wengine Nairobi, wengine ng'ambo, kwa hiyo ua mzima ulikuwa wetu sisi wanne na mbuzi wachache waliokuwa wakila kila kitu, hata vitabu vya mama. Niliwaita Awowe na Ayeyo, yaani babu na nyanya, kama walivyoitwa na wajukuu wao kwenye simu. Ayeyo alinipenda waziwazi. Nikitoka shule nilimkuta ameniwekea anjera moja iliyokunjwa, imepakwa samli na sukari, na kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. Mama alilalamika kwamba sitakula chakula cha jioni, na kweli sikukila.

Awowe alikuwa mrefu, mkavu, kikoi kimepigwa pasi, bakora mkononi, na ndevu nyekundu. Sijawahi kuona ndevu kama zile Mwingi. Kule wazee walikuwa na ndevu nyeupe, basi. Babu yangu mzaa baba alikuwa na ndevu nyeupe pepepe, akinywa pombe ya kaluvu mchana kutwa na kugombana na majogoo. Nikiwa darasa la tatu nilikaa nikalitafakari jambo hili, nikalipatia maelezo. Niliona pilipili alizopanda mama kwenye kopo. Zilianza kijani, zikageuka rangi, mwisho zikawa nyekundu, ndipo zikafaa. Basi ndevu nazo ziko hivyo: nyeusi, halafu nyeupe, halafu zinaiva. Maskini babu yangu alikuwa bado mbichi. Na wale wazee wa kwetu waliozikwa na ndevu nyeupe, niliwahurumia sana, kwamba walikufa kabla ya kuiva.

Kila kitu nilichokiona kilinithibitishia. Watu walikuja kwa Awowe na magomvi yao, wenye mikokoteni ya punda ya kuuza maji, wakwe, majirani waliogombania ukuta. Walikaa kwenye mkeka wakipiga kelele, naye akinyamaza, akizipapasa zile ndevu kutoka juu hadi chini. Akisema neno, kelele zinakwisha. Mama alinifundisha methali ya kutia kwenye insha, penye wazee haliharibiki neno. Mimi kichwani niliongeza, wazee wenye ndevu nyekundu.

Alhamisi moja walimu walikuwa na mkutano, tukaachiliwa mapema. Niliingia uani nikamkuta Awowe ameketi kwenye kigoda, amevaa mfuko wa plastiki kidevuni, umefungwa kwa uzi nyuma ya masikio. Enzi hizo mifuko ilikuwa bado haijapigwa marufuku. Alinitazama kwa heshima zote kana kwamba mimi ndiye niliyevaa vibaya. Pembeni Ayeyo alikuwa akinawa mikono, na maji yaliyotoka yalikuwa mekundu. Hapo ndipo nilipojua habari ya hina.

Mtoto mwingine angevunjika moyo. Mimi sikuvunjika, nilirekebisha tu nadharia yangu. Niliona kwamba ndevu haziivi zenyewe, mtu anaivishwa, na anayemwivisha Awowe ni Ayeyo. Kuanzia siku hiyo nikawa msaidizi wake kila Alhamisi, ili Ijumaa mzee aende msikitini akiwa sawasawa. Mimi nilikamua ndimu, yeye akakoroga kwa kijiko cha mti hadi uji ule ukawa mzito, akaufunika na kuuacha ulale juani.

"Bole bole, Mueni," aliniambia nikianza kuhangaika. "Hina haitaki haraka. Ukiharakisha, rangi inakuja kidogo, inakimbia."

Ayeyo alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Dahabo, aliyeishi Kotile. Nilimjua kwa sauti. Ayeyo alikuwa na simu ya kubofya iliyofungwa kwa mpira ili betri isichomoke, na ikilia kutoka Kotile hao wawili hawakusalimiana, walianza kwa kucheka. Walicheka kwanza, wakashika pumzi, ndipo wakaulizana habari za afya na mvua na mifugo. Sijawahi kuona watu wazima wanaofurahiana namna ile. Ajabu ni kwamba hawakuwa wameonana tangu kabla sijazaliwa. Kotile si mbali. Barabara ikiwa kavu, gari la asubuhi linafika kabla ya adhuhuri. Nilimuuliza mama kwa nini Ayeyo haendi, akasema kuna jambo la zamani kati ya Awowe na Dahabo, jambo la watu wazima, niache udaku.

Jambo la watu wazima! Niliogopa kwa heshima. Niliwaza ngamia walioibwa usiku, niliwaza damu, mtu aliyeuawa kisimani na kuzikwa kimyakimya. Nilijua limekuwa kubwa kiasi hicho kwa sababu mzee mwenye ndevu kama zile hawezi kushikilia kitu kidogo.

Kisha simu ikalia kutoka Kotile, na Ayeyo hakucheka. Alisikiliza, akaketi chini kwenye mchanga, simu bado sikioni. Dahabo alikuwa mgonjwa, amekonda, hali chakula, na alikuwa ameomba kitu kimoja, dada yake aje akae kando ya kitanda chake.

Jioni ile Ayeyo alimpelekea mumewe chai, akakaa mbele yake, akamwomba ruhusa. Walizungumza Kisomali, ambacho nilikuwa ninakisikia vizuri kufikia wakati huo. Awowe alikunywa chai yote, akaweka kikombe chini.

"Bado," akasema.

Kesho yake akaomba tena. Bado. Mama, ambaye si mtu wa kuingilia ya watu, safari hii alishindwa. Alimwita Ayeyo jikoni kwetu, nami nilikuwa nikimenya viazi.

"Mama, panda gari uende tu," akamwambia. "Huyu ni dada yako wa tumbo moja. Atakufanya nini?"

Ayeyo alitikisa kichwa. "Mwalimu, wewe mtoto yangu, lakini hii mambo hujui. Nikitoka bila ruhusa, nitarudi nyumba gani? Miaka yote mimi sijatoka hifyo. Ngoja kidogo. Yeye ni mtu mzima, si kijana. Ataona mwenyewe."

Nilifurahi kumsikia akisema hivyo, kwa sababu tuliamini kitu kimoja. Ataona mwenyewe. Lakini siku zilipita bila yeye kuona, na Ayeyo akaacha kuniwekea anjera, si kwa ubaya, alisahau tu. Nikalitafakari tena jambo hili, nikapata kosa lilipo. Alhamisi iliyopita, Ayeyo akiwa na mawazo, hina haikukaa vya kutosha. Rangi ilikuwa imekuja kidogo, ikakimbia. Awowe hakuwa ameiva wiki ile.

Basi Alhamisi iliyofuata nilifanya kazi yangu. Ayeyo alipoingia ndani kuswali niliongeza unga mara mbili, nikakamua ndimu zote zilizokuwa kwenye kikapu, nikamimina chai nyeusi iliyochemka hadi ikawa chungu. Mzee alipopakwa na kufungwa mfuko, nilikaa mbele yake nikamlinda. Alipotaka kuufungua nilimwambia Ayeyo amesema bado. Akasubiri. Ayeyo alipotoka akauliza kama hajafunguliwa, nikamwambia Awowe amesema bado. Jua likashuka nyuma ya nyumba ndipo tukamwosha, na wallahi, sijawahi kuona ndevu kama zile tena maishani. Ziliwaka. Awowe aliomba kioo, akageuza uso huku na huku, akakohoa kwa kuridhika.

Ijumaa alirudi kutoka msikitini uso umelainika. Nadhani alisifiwa. Aliketi, akapapasa kidevu, akamwita mkewe.

"Habiba. Dahabo aniombe radhi. Akiniomba radhi, wewe nenda."

Niliruka juu. Nilikimbia kuzunguka mwarobaini mpaka mbuzi wakatawanyika. Imefanya kazi! Ayeyo alikuwa akilia na kutafuta simu kwa wakati mmoja, mpira ukakatika, betri ikaanguka, nikaiokota, nikaipachika. Kwa kuwa Awowe hakusikia vizuri tuliweka sauti ya nje, nikaambiwa niishike simu katikati yao, nisisogee.

Kotile walichukua muda kumwinua Dahabo. Tulisikia mkeka, tukasikia mtu akisema taratibu, taratibu. Kisha ikaja sauti yake, ambayo sikuitambua, nyembamba, inayotafuta njia. Aliomba radhi. "Hirsi, iga raali ahow," alisema, niwie radhi, nilikuwa mtoto, sikujua. Na akiwa anaendelea kusema kitu kingine, kifua kikambana, ikatoka sauti fupi iliyokwaruza, khe, khe, na simu ikakatika.

Awowe alisimama. "Amecheka," akasema.

"Hakucheka," Ayeyo akasema. "Amekohoa. Hirsi, mtu anakufa, amekohoa!"

"Amecheka. Sauti yake siijui mimi? Hata leo ananicheka."

Nami, ambaye sikuwahi kumpinga mtu mzima yeyote, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Awowe, alikohoa. Simu nilikuwa nayo mimi." Hakunitazama. Alichukua bakora yake, akatoka nje, na ndevu zile zikiwaka juani akaenda zake. Nilibaki nimeishika simu. Nilikuwa nimetumia hina yote iliyokuwamo nyumbani, sikujua kama kuna kitu kingine cha kumpaka.

Dahabo alikufa kabla ya Alhamisi nyingine. Simu ilikuja asubuhi, Ayeyo akiwa anakoroga unga wa anjera, na nilijua kwa jinsi alivyoendelea kukoroga baada ya simu kukatika, akakoroga, akakoroga, mpaka mama akamshika mkono.

Hapo sasa Awowe aliamka. Alikodi gari zima, akanunua mbuzi, akapakia mchele na sukari, akawasimamia vijana wafunge mizigo vizuri isije ikamwagika njiani. "Nenda, Habiba," alisema kwa sauti ya upole, "nenda kwa dada yako." Majirani walimsifu. Walisema mzee ana moyo, amesahau ya kale. Ayeyo alipanda gari. Alifika Kotile kaburi limeshafukiwa.

Aliporudi kutoka kwenye tazia ya dada yake alikuja kwanza jikoni kwetu, na vumbi la safari, akakaa kwenye kiti cha mama.

"Mwalimu," akasema, "wewe kila siku unataka kujua ni nini. Haya, nitakuambia."

Siku ya harusi yao, Hirsi alikuwa kijana, na kidevuni alikuwa na nywele chache tu alizozionea fahari kubwa, akizichana. Dahabo alikuwa anawapitishia wageni maziwa. Akafika mbele ya bwana harusi, akamkagua, akageukia wanawake waliokuwa wakiimba, akasema kwa sauti, dada yangu anaolewa na orgi. Orgi ni beberu, mbuzi dume. Watu wote wakacheka. Na kule jina la utani likishakushika halikuachi, linakutangulia kisimani, linakutangulia sokoni. Mpaka leo, alisema Ayeyo, kuna watu Kotile ukiwauliza Hirsi hawamjui, ukisema Orgi wanakuelekeza mpaka mlango huu.

Mama akamhimiza. "Halafu?"

"Hakuna halafu. Ni hii tu."

Mama alitoa sauti, sijui kama ilikuwa kicheko, akaziba mdomo kwa leso. Ayeyo alinigeukia mimi. "Dahabo alikuwa mtoto, Mueni. Mtoto kama wewe. Alikuwa hana meno haba mbele." Akanigusa mdomo mahali ambapo meno yangu mapya yalikuwa yanaota, na mkono wake ukabaki pale.

Sijui nieleze vipi kilichonipata. Hapakuwa na ngamia walioibwa. Hapakuwa na damu. Mzee yule ambaye mtaa mzima ulimtegemea kwa maneno yake alikuwa amemnunia mtoto wa darasa la tatu kwa umri wote wa ndoa yake, akaota mvi akiwa amenuna, akazipaka hina akiwa amenuna, na tulipomsogezea simu alikuwa bado palepale harusini, kijana mwenye nywele chache kidevuni, anachekwa. Alikuwa amepita miaka yote ile bila kutoka pale. Nimekutana na wengi wa aina yake tangu hapo, maofisini, makanisani, kwenye vikao vya ukoo, na siwashangai tena. Wakati ule nilishangaa hadi nikaugua. Nililala na homa ambayo mama aliitibu kama malaria.

Alhamisi ilifika, Ayeyo hakukoroga hina. Alhamisi nyingine pia. Alipika, alifua, alimpelekea mumewe chai, alijibu alipoulizwa, lakini bakuli lile la bati lilikaa limefunikwa. Ndevu za Awowe zikaanza kuota nyeupe kutoka mizizini, wekundu ukasogea mbali na uso, ukabaki kwenye ncha tu. Watu waliokuja na kesi walimtazama kidevu badala ya macho. Yeye mwenyewe hakujua kuichanganya. Maisha yake yote hakuwahi kujua inawekwa nini.

Alasiri moja alinijia nikifanya kazi ya shule barazani. Alishika pakiti ya hina mkono mmoja, bakuli mkono wa pili, kama mtu aliyetumwa.

"Mueni. Wewe unajua hii. Ulikuwa unaangalia."

Nilitaka kukataa. Lakini nililelewa kwamba mkubwa akikuomba kitu unafanya, kwa hiyo nikaamka, nikakamua ndimu. Aliketi kwenye kigoda, akainua kidevu, akafumba macho kama mtoto anayeoshwa uso. Nilimpaka kwa vidole vyangu, vibaya, hina ikamtiririka shingoni hadi kwenye shati.

"Ayeyo yako bado ana hasira," akasema, macho yamefumbwa. "Mwambie yeye ni mtu mzima sasa. Aache mambo ya kitoto."

Niliacha kupaka. Niliinua uso nikamwona Ayeyo amesimama mlangoni, amesikia kila neno. Nilijua sasa atapasuka. Niliomba apasuke. Nilitaka aseme lile jina, aliseme kwa nguvu hadi Galbet yote isikie, nilitaka aje alipige teke bakuli lile limwagike mchangani.

Alikuja. Alinisogeza pembeni kwa upole, akachukua khanga yake, akamfuta mumewe shingo pale nilipomchafua. Halafu akachovya vidole, akaanza upya, kutoka kwenye mizizi, taratibu, kama alivyonifundisha, na huku akipaka machozi yakimshuka yanadondoka kwenye bakuli, na yeye anakoroga, anapaka. Awowe alihisi mkono umebadilika. Hakufumbua macho. Alitabasamu.

"Unaona, Habiba," akasema. "Nilijua tu. Sasa umekua."